Kusawazisha Betri: Neno Moja kwa Kazi Mbili Zinazopingana

Katika kazi ya kuunda istilahi, hatari inayotajwa mara nyingi ni ya kitu kimoja kupewa majina mengi. Wafasiri hulalamika, walimu huchanganyikiwa, na vyombo vya lugha huombwa viamue. Hatari ya pili, yaani ya jina moja kubebeshwa vitu vingi, hupita kimya kimya, kwa kuwa haionekani katika orodha: neno lipo, limezoeleka, tena ni la Kiswahili safi, basi hakuna anayeinua mkono. Makala hii inahakiki neno la namna hiyo. Neno lenyewe ni kusawazisha, na mahali tunapolitazama ni katika ufundi wa kuunda betri za lithiamu kwa mikono.

Ufundi huu haufai kudharauliwa. Fundi huvua seli kutoka katika betri za kompyuta za mapajani zilizochakaa (wenzetu wa Kenya huziita vipakatalishi, na jina lenyewe linachekesha na kupendeza), au hununua seli mpya, akazipima, akazipanga na kuziunga, na mwishowe akapata betri ya kuwasha taa za nyumba au kusukuma baiskeli. Seli inayojulikana zaidi huitwa kwa nambari 18650, maana yake upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Aina hii ya betri iliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Kwa hiyo elimu yake si ngeni tena. Kilicho kigeni ni lugha ya kuielezea kwa mtu ambaye atashika koleo na nyaya muda mfupi baada ya kutusoma.

Kabla ya kuliendea neno letu, yafaa tukubaliane juu ya matatu mengine. Seli ni kile kitu kimoja kilichotoka kiwandani. Seli zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hufanya kitu kimoja kikubwa ambacho tutakiita fungu. Mafungu yaliyoungwa kwa mfuatano, chanya ya hili kwa hasi ya lile, hufanya betri. Betri ya volti 48 ya baiskeli, kwa mfano, aghalabu huwa na mafungu 13, na kila fungu likiwa na seli 4 jumla yake ni seli 52. Katika mazungumzo ya kila siku neno betri hutumika kwa yote matatu, na kwa mnunuzi wa dukani halina madhara. Lakini agizo la kupima volti ya betri halina maana yoyote kwa fundi asiyeambiwa kama apime moja ya zile 52, au moja ya zile 13, au ile moja.

Sasa turudi kwenye kusawazisha. Fundi wa umeme wa jua aliyejifunza kazi yake kwa betri za risasi na asidi, zile ambazo watu wengi huziita betri za maji, analijua neno hili tangu zamani, na analijua vizuri. Betri ya maji ya volti 12 ina seli 6. Baada ya miezi ya matumizi seli hizo hupishana: nyingine hujaa, nyingine hubaki nyuma, na asidi nzito hutulia chini. Dawa yake ni kuichaji betri kwa makusudi kupita kiwango cha kawaida, hata zaidi ya volti 15, kwa saa kadhaa. Seli zilizokwisha kujaa haziharibiki upesi, kwani umeme wa ziada huyapasua maji yaliyomo yakawa haidrojeni na oksijeni. Hutoka mapovu, mapovu hukoroga asidi, na wakati huohuo seli zilizokuwa nyuma hupata nafasi ya kuzifikia nyingine. Fundi hufungua madirisha ili gesi itoke, kisha huongeza maji yaliyotoneshwa kufidia yaliyopotea. Kazi hiyo huitwa kusawazisha.

Betri ya lithiamu nayo husawazishwa. Hapa lakini hakuna maji ya kupasuka wala mapovu ya kukoroga kitu. Seli ya lithiamu ya aina ya kawaida hujaa ikifika volti 4.2. Ukiendelea kuisukuma, lithiamu huanza kuganda kama chuma juu ya grafati badala ya kuingia ndani yake, upande wa pili huanza kuvunjika na kutoa oksijeni, joto hupanda, na joto lenyewe huzaa joto jingine mpaka seli ipasuke na kuwaka. Kwa hiyo kuisawazisha betri ya lithiamu ni kulizuia fungu lililotangulia: saketi ya ulinzi hulipunguzia umeme kidogo kidogo kupitia kikinzani ili yaliyo nyuma yalifikie, na kazi yote hiyo hufanyika bila fungu lolote kuvuka kikomo chake.

Msomaji ameona jambo lenyewe. Katika betri ya maji kusawazisha ni kuzidisha. Katika betri ya lithiamu kusawazisha ni kuzuia kuzidi. Kiingereza kimetenga vitenzi viwili mbalimbali kwa kazi hizi mbili. Mfasiri wetu, kwa haki kabisa, huvitazama vyote viwili, huona kwamba kila kimoja kina wazo la usawa, na huandika kusawazisha mara mbili. Hakukosea tafsiri ya neno. Amekosea tafsiri ya kazi.

Tuchukue hali ambayo ni rahisi kutokea. Kidhibiti chaji cha umeme wa jua kina sehemu ya kuchagua namna ya kuchaji, na sehemu hiyo imetafsiriwa kwa neno kusawazisha. Vidhibiti vingine, vikishaambiwa kwamba betri ni ya maji, hufanya kazi hiyo vyenyewe kila baada ya siku kadhaa. Mwenye nyumba ameondoa betri yake ya maji akaweka ya lithiamu na fosfeti ya chuma, yenye seli 4 kwa mfuatano, ambayo kila seli yake hujaa ikifika volti 3.65, yaani 14.6 kwa zote. Amesoma mahali pengine, na amesoma sawasawa, kwamba betri ya lithiamu ni lazima isawazishwe. Anaona neno lilelile kwenye kidhibiti chake. Atafanya nini? Ataliwasha. Volti 15.5 zikiingia, kila seli itapewa karibu volti 3.9. Saketi ya ulinzi ikiwapo, tena ikiwa nzima, itakata umeme na mwenye nyumba atakaa gizani akishangaa. Isipokuwapo, kama ilivyo katika betri nyingi za kuunda nyumbani, kinachobaki ni bahati.

Kuna wasemao kwamba neno haliunguzi mtu, na kwamba fundi hujifunza kwa macho na mikono. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi zamani, fundi alipokuwa amesimama kando ya mwalimu wake. Leo sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na mtu aliye peke yake chumbani, mwenye maandishi tu mbele yake, na vifaa vyenyewe vinaongea naye kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Maneno ndiyo mwalimu wake. Tena alama za hatari ambazo macho ya fundi wa betri za maji yamezizoea, mapovu na harufu ya asidi, hazipo katika lithiamu. Seli iliyozidishwa huweza kukaa kimya, bila dalili yoyote kwa nje, mpaka dakika zake za mwisho.

Tatizo limezidishwa na ndugu wa neno hilohilo, yaani sawa. Kwa Kiswahili cha watu wote, kitu kikiwa sawa maana yake hakina kasoro. Fundi hupima betri yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akapata volti 54.6, akakumbuka kwamba 13 mara 4.2 ni 54.6, akasema betri iko sawa. Lakini hesabu hiyo haisemi lolote juu ya mafungu. Mafungu 12 yakiwa na volti 4.15 kila moja, jumla yake ni 49.8, na fungu la 13 litakuwa na volti 4.8, yaani limekwisha kupita kikomo kwa mbali. Jumla imekuwa kamili kwa sababu kumi na mawili wamepungukiwa na mmoja amelimbikiziwa. Betri iko sawa kwa maana ya mtaani, na mafungu yake hayako sawa kwa maana ya ufundi. Kwa hiyo mwalimu anayeandika somo asiandike hakikisha betri iko sawa. Aandike pima kila fungu peke yake, na mafungu yote yasipishane kwa zaidi ya kiasi fulani, kisha akitaje kiasi hicho kwa tarakimu.

Maana nyingine imejiingiza humu, na hii tunaiona kuwa kosa la walimu kuliko la wafasiri. Wengi huita kusawazisha hata ile kazi ya kuchagua seli kabla ya kuziunga. Seli zilizokwisha tumika hazina uwezo mmoja: moja huweza kuhifadhi ampea-saa 3, ya pili yake 2. Fundi mwangalifu huichaji kila seli mpaka ijae, huiacha siku kadhaa aone kama volti yake inashuka yenyewe, huitoa umeme wote unaoruhusiwa huku akipima, kisha hugawa seli ili uwezo wa kila fungu ulingane na wa mafungu mengine. Kazi hii haifanywi na saketi yoyote, wala haiwezi kuachwa kwa matumaini kwamba betri itasawazishwa baadaye. Fungu dhaifu na fungu lenye nguvu huweza kufanywa yafikie 4.2 pamoja, lakini wakati wa kutumia lile dhaifu litaisha kwanza, na likiendelea kunyonywa na wenzake litashuka chini ya volti 2.5, na likizidi kushuka sana shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka na kuingia pasipo pake. Ukiichaji seli kama hiyo umeingia hatari mpya. Tena saketi nyingi za ulinzi hupunguza umeme mdogo sana, labda miliampea 50. Pengo la ampea-saa moja huhitaji saa 20 za kazi hiyo kuzibika. Anayedhani kusawazisha kutaponya uteuzi mbaya wa seli amedanganywa na neno.

Kwa kazi hiyo ya uteuzi tunapendekeza kuoanisha. Neno hili lina wazo la kutafutiana mwenzi, na ndivyo seli zinavyofanyiwa. Kusawazisha kubaki kwa kazi ya kulinganisha volti za mafungu ndani ya betri ya lithiamu, kwa kuwa huko ndiko watu wengi wameshalipeleka, na neno likishakwenda na watu si rahisi kulirudisha. Kwa ile kazi ya betri ya maji tunapendekeza chaji ya kutibua. Mtu hutibua maji yaliyotulia, akapandisha yaliyo chini; na ndicho hasa kinachofanyika pale mapovu yanapoikoroga asidi. Faida yake kubwa ni kwamba neno lenyewe linakataa kutumika pasipo pake. Hakuna atakayetibua kitu kisicho na maji, na mwenye betri ya lithiamu akiliona neno hilo kwenye kidhibiti chake atasita. Kusita huko ndiko tunakokutafuta.

Tumelikazia neno hili kwa kuwa ndilo zito kuliko yote, lakini jirani zake nao wanahitaji kuangaliwa. La kwanza ni shoti. Kwa sikio letu maneno mawili ya Kiingereza yameingia mlango mmoja: lile la umeme kumrusha mtu, na lile la umeme kupita njia ya mkato. Twasema fulani amepigwa shoti, na twasema nyumba imeungua kwa shoti. Katika umeme wa nyumba hatari hizi mbili hukaa karibu, na kuchanganya majina hakujaleta msiba wa wazi. Katika betri zimeachana kabisa. Volti 48 aghalabu hazimrushi mtu mwenye mikono mikavu. Fundi huigusa betri, haoni kitu, akasema haina shoti. Betri hiyohiyo, spana ikidondoka kati ya chanya na hasi, hutoa mamia ya ampea, spana ikaiva ikawa nyekundu na pete ya kidoleni nayo vilevile. Tungependa shoti iachiwe mwili wa mtu, na hitilafu ya nyaya iitwe mkato, au mkato wa saketi. Fundi aelezwe avue pete na saa kwa sababu ya mkato, na asiambiwe ni kwa sababu ya shoti.

La pili ni ncha. Vitabu vyetu vya fizikia husema betri ina ncha chanya na ncha hasi, na kwa mawe ya redio, kama seli kavu zinavyoitwa na baadhi ya watu, maelezo hayo yalitosha. Seli ya 18650 haina ncha hasi. Kopo lake lote la chuma ni hasi, kuanzia kitako, ubavu mzima, hadi bega linalozunguka kitufe cha chanya. Kinacholitenga na dunia ni ngozi nyembamba ya plastiki tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hasi ni ncha ya chini atapitisha ukanda wa nikeli kutoka kwenye kitufe ukilalia bega bila wasiwasi, na ngozi ile ikichubuka amepata mkato. Ndiyo maana mafundi waangalifu huweka pete ya karatasi ngumu juu ya bega kabla ya kuunga. Tuseme kitufe chanya na mwili hasi, na nusu ya onyo itakuwa imekwisha kutolewa na jina.

Juu ya kuunga kwenyewe tutasema kidogo. Kuchomea hutumika ovyo kwa kulehemu na kwa kuchomelea. Kulehemu kwa risasi ya kuyeyusha huipikia seli joto kwa sekunde nyingi na kuidhuru ndani. Kuchomelea kwa nukta, ambako umeme mkali hupita kwa muda mfupi mno kuliko kufumba jicho, huunganisha ukanda na seli kabla joto halijasambaa. Anayeandika chomea amewaachia wasomaji wachague, nao watachagua chombo walicho nacho.

Saketi ya ulinzi tuliyoitaja haina jina lililotulia. Wapo wanaoiita kidhibiti, lakini jina hilo limekwisha chukuliwa na kile chombo cha umeme wa jua kilichotundikwa ukutani. Hivi ni viwili. Kimoja hukaa nje na kuiona betri nzima tu. Kingine hukaa ndani na kuliona kila fungu. Kilindaseli lingefaa, ingawa tunakiri kwamba kwa hakika kinalinda mafungu. Kuhusu nishati ya Tanzania na kawi ya Kenya hatuna la kuongeza. Kila mmoja anaelewa cha mwenzake, na hakuna betri iliyoungua kwa sababu hiyo.

Jina la betri yenyewe ndilo la mwisho, nalo linagusa pia watumishi wa serikali wanaoandika miongozo ya zimamoto na ya forodha. Lithiamu iligunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson wa Uswidi ndani ya jiwe, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe, kwa hiyo wale wanaoita seli mawe wamekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko walivyokusudia. Lakini kuna betri za namna mbili zinazoshiriki jina hilo. Moja ina chuma cha lithiamu chenyewe. Aghalabu ni ndogo, hutumika mara moja na kutupwa, na haifai kuchajiwa kamwe. Nyingine, ambayo ndiyo ya makala hii, ina ioni za lithiamu zinazohama upande huu na upande ule, na huchajiwa mara mamia. Tukiziita zote betri za lithiamu, mtu atachaji ile isiyochajiwa. Kosa la pili ni la moto. Kila aliyesoma kemia anakumbuka kwamba chuma cha lithiamu hugombana na maji, akahitimisha kwamba betri ya lithiamu inayowaka isimwagiwe maji. Kwa betri ndogo ya ioni za lithiamu ushauri huo ni kinyume: maji mengi ndiyo yanayopoza seli jirani zisifuate ile iliyokwisha kuwaka, na mchanga au blanketi huzuia miali bila kuondoa joto. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo kwanza watu watoke. Neno ioni ni fupi, tena limo katika vitabu vya shule. Hatuoni udhuru wa kuliacha.

Juu ya kutibua tunajua pingamizi litakalokuja, kwamba watu hutibua pia mipango na shughuli za wenzao, na hivyo neno lina harufu ya uharibifu. Sisi hatuoni kuwa ni kasoro katika kazi ambayo ikifanywa ovyo huharibu betri. Lakini kama yupo msomaji, hasa mwalimu wa chuo cha ufundi au mfasiri wa vitabu vya vifaa vya umeme wa jua, anayelijua neno ambalo mafundi wa betri za maji wanalo tayari vinywani mwao, na alilete, akitaja na mahali alipolisikia, ili lipimwe pamoja na hili letu kabla ya orodha kupelekwa kusanifiwa.